Likizo ya Kumuuguza Marehemu

Kwa miaka ishirini na saba Mzee Jasi alirudi nyumbani kila jioni akiwa mweupe. Si mweupe wa moyo, ingawa na huo alikuwa nao kwa kiasi chake; mweupe wa unga. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha chaki, kitengo cha kalibu, mahali ambapo unga wa jasi hukorogwa na maji mpaka ukawa uji mzito, ukamiminwa kwenye matundu ya kalibu, ukangojwa ugande, kisha kalibu ikapinduliwa na kugongwa kwa kiganja ili vijiti vitoke vizima. Kugonga huko ndiko kazi yenyewe. Ukigonga kwa woga, chaki hazitoki. Ukigonga kwa hasira, zinatoka nusu nusu. Mzee Jasi aligonga mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina chai, na vijiti vyote vilitoka.

Jina la Jasi alipewa kazini, likamfuata hadi nyumbani, likamfuata hadi kwa kinyozi, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye faili tu. Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia kwamba ameanza kuota mvi. Alijibu kuwa ni chaki. Mkewe alimwambia, akajibu ni chaki. Hata Jumapili mchana, baada ya kuoga mara mbili na kujisugua kwa dodoki, bado ilikuwa ni chaki, na watu wakamwachia hilo, maana akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Basi asubuhi moja tangazo likabandikwa kwenye ubao karibu na geti. Meneja mpya aliwaarifu kuwa kila mfanyakazi aliyetimiza miaka ishirini na mitano atapewa wiki sita za likizo ya ziada, yenye malipo kamili, juu ya likizo yake ya kila mwaka, iwe shukrani ya kampuni. Watu walilisoma tangazo lile wakitafuta ubaya ulikojificha. Mtu wa tanuri alisema hakuna mwajiri chini ya jua anayemlipa mtu alale. Huko ni kufukuzwa kwa adabu. Mwingine akasema wanataka kupima kama kiwanda kinaweza kwenda bila wazee, na lililowakera zaidi ni kwamba huenda kingeweza.

Waliotimiza miaka walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa mwanamke wa kitengo cha kufunga maboksi, aliyeitwa Mia Kamili kwa sababu alichota chaki kwa mikono miwili bila kuhesabu na zikawa mia, si tisini na tisa, si mia na moja. Ulimi wake haukuwa na kipimo kama mikono yake. Alisema kama wanataka kumlipa alale, basi atalala mpaka wao wenyewe waje kumwomba radhi.

 Mzee Jasi alilisoma tangazo mara tatu, akahesabu wiki kwa vidole, na moyo ukamruka. Wiki sita ndizo hasa alizokuwa akizihitaji, wala hazikuwa kwa ajili yake.

Nyumbani kwake alikuwepo mama mkwe, bibi aliyekula chumvi nyingi na ambaye bado aliidai mezani hata baada ya daktari kumkataza. Miaka miwili iliyopita macho yake yalianza kuingia ukungu, akahamia kwa binti yake. Huyu alikuwa mtu wa kusoma. Gazeti alilisoma lote, kuanzia habari za mbele mpaka matangazo ya vifo, na hayo ya vifo ndiyo aliyoyasoma kwa sauti. Sasa alibakiwa na redio, na redio, alilalamika, huwezi kuirudia mstari. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na yanatengenezeka: jicho la kwanza, zinapita wiki tatu, kisha la pili, na wiki tatu nyingine za kupona. Ila kwa wiki hizo zote sita mgonjwa asiiname, asibebe kitu, asijifikiche, na atiwe matone ya dawa kila baada ya saa nne na mtu mwenye mkono uliotulia. Hospitali haikuwa tayari kumpa tarehe mpaka litajwe jina la mtu atakayeshinda naye. Nafasi ikipotea, foleni nyingine ni mwaka kesho, na jicho la kushoto, daktari alisema waziwazi, halitafika mwaka kesho.

Nani ashinde naye? Mke wa Mzee Jasi alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa; msimu huo hata chai aliinywa mguu ukiwa kwenye pedeli. Watoto wakubwa walishaolewa na kuoa mbali, kitinda mimba alikuwa karibu kurudi bweni. Kwa hiyo jioni ile Mzee Jasi aliposema, "Mimi nitakaa naye," nyumba nzima ilishusha pumzi. Mama mkwe alimwombea dua yule meneja ambaye hajawahi kumwona, dua ndefu mpaka chakula kikapoa.

Fomu ya likizo ilikuwa na mstari wa mwisho unaouliza: unatarajia kuitumiaje likizo yako? Wawili waliandika "kupumzika". Mia Kamili aliandika "haiwahusu". Mzee Jasi, kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia tangu shule, aliandika: kumuuguza mama mkwe wangu atakapopasuliwa macho.

Afisa utumishi alikuwa binti mgeni pale kiwandani, mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: alisoma kila kitu, hata maandishi madogo ya kwenye dawa ya meno. Jibu la Mzee Jasi lilimgusa. Akataka kulibandika ubaoni liwe mfano kwa wengine, na ili aongezee maneno mawili matatu ya sifa, akalifungua faili lake. Kesho yake akamwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Mzee wangu," alisema, "mama mkwe huyu ndiye yule aliyefariki?"

Akatoa barua moja kwenye faili, akaisukuma upande wa Mzee Jasi. Wino wa bluu, mwandiko mzuri wa tangu shule. *Kwa masikitiko makubwa nawaarifu kuwa mama mkwe wangu amefariki dunia ghafla. Naomba ruhusa ya msiba ya siku nne.* Tarehe ilikuwa ya miaka kumi na minane iliyopita.

Hapo Mzee Jasi angeweza kusema kweli. Binti alikuwa mpole, mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyesikia. Lakini mdomo ulimtangulia. Alisema, "Huyu ni mwingine."

Afisa akafurahi kupata ufafanuzi, akachukua kalamu. Kama ni mwingine, basi mzee ana mke wa pili, naye hayumo kwenye orodha ya wategemezi. Ni suala dogo tu, mke wa kwanza aje kutia sahihi kwamba anamfahamu mwenzake. Mzee Jasi alimwona mkewe kwa akili, amekaa kwenye kiti kile na mkasi wake wa kukatia vitambaa, akiombwa atie sahihi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia pale pale mezani. Akaomba ruhusa akanywe maji. Maji hayo aliyanywa kwa muda mrefu sana, kwa sababu hakurudi tena ofisini siku ile.

Mchana aligonga kalibu, chaki zikatoka vipande. Mwenzake wa kalibu ya jirani alimwuliza kama anaumwa. Jioni akaletewa kikaratasi: afike Ijumaa na maelezo, likizo imesimamishwa mpaka hapo.

Tumtendee haki lakini. Miaka kumi na minane nyuma mkewe alijifungua kitinda mimba kwa shida, akarudishwa nyumbani hawezi hata kukaa. Kiwanda cha siku zile hakikumpa baba hata saa moja kwa ajili ya uzazi. Msimamizi wa zamani alikuwa na msemo kwamba aliyezaa si wewe. Likizo ya mwaka alikuwa ameimaliza. Kilichobaki ni ruhusa ya msiba: mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, au mzazi wa mke. Mzee Jasi alikaa na kalamu akiwapitia jamaa zake mmoja mmoja. Wazazi wake walikuwa wameshakufa kweli, kwa ruhusa halali. Mtoto hakuthubutu hata kumfikiria. Ndugu yake wa pekee alikuwa dereva wa lori la kiwanda hicho hicho, angeonekana getini asubuhi akipiga honi. Baba mkwe alikufa kabla ya harusi. Orodha ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo, muda ule kalamu inaandika, alikuwa jikoni kwa Mzee Jasi, amekuja kumsaidia binti yake, akikoroga uji wa mzazi.

Kwa siku nne marehemu alimpikia mfiwa. Mfiwa alifua nepi, akachota maji, akambeba mkewe kumpeleka bafuni na kumrudisha. Siku ya tatu alitoka kwenda duka la dawa, na aliporudi alikuta mfuko wa sukari mezani.

"Wenzako wa kazini walipita," mama mkwe alimwambia. "Wamekupa pole, wakaacha sukari."

Dawa nusura imponyoke. Lakini bibi hakuongeza neno, alirudi kwenye uji wake, na Mzee Jasi akajishauri kwamba pole ile ilikuwa ya uzazi, na kwamba wenzake waliona haya kutaja kifo mbele ya mtoto mchanga. Mtu akitaka kuamini jambo haombi ushahidi. Akaendelea na maisha, na kila mwaka uliopita ulimzika mama mkwe wake kina zaidi ndani ya lile faili. Mficha maradhi kilio humuumbua, ndivyo tunavyosema. Huyu wetu alificha uzima, na uzima ukaja kumuumbua.

Jumatano, kabla usiku haujaingia, alimweleza mkewe, akiwa amesimama upande wa pili wa cherehani kwa usalama. Mkewe alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye meza ya mashine. Kisha akainua kichwa, na kicheko hakikuwepo tena.

"Mimi niko kitandani siwezi kugeuka, wewe unamuua mama yangu?"

Alijitetea kwamba alifanya hivyo kwa ajili yake. Mkewe alijua, na ndicho kilichomzuia asirushe kitu. Mzee Jasi alijaribu kumwomba basi amsaidie, aende yeye kwa mama, amweleze taratibu, kwa lugha ya mama na binti. Mke akatia uzi kwenye sindano bila kumtazama.

"Ulimuua peke yako," alisema. "Utamfufua peke yako."

Sasa mjue kwamba katika miaka ishirini na tisa ya ndoa Mzee Jasi hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni kwa muda unaozidi salamu. Walikaa nyumba moja kwa heshima: yeye akiingia sebuleni, hukohoa, bibi akiwa kibarazani, yeye hupitia nyuma. Waliambizana mambo ya hali ya hewa, ya chakula na ya watoto, basi. Mambo ya "mama, nilikuua" hayana pa kuanzia. Alhamisi jioni alipiga moyo konde, akakohoa, akaingia, akaketi kwenye ncha ya kiti. Alianza na kazi, akapitia siku za nyuma, akazunguka kwa msimamizi wa zamani ambaye sasa ni marehemu kweli kweli, akarudi kwenye uzazi wa kitinda mimba. Bibi akanyoosha mkono, akaipapasa redio, akaizima.

"Sema, baba. Naona huoni njia, kama mimi."

Akasema. Alisema akitazama vidole vya miguu yake, na alipomaliza alitamani ardhi ipasuke immeze.  Mama mkwe alikuwa amefumba macho yake yenye ukungu.

"Nilikufa na ugonjwa gani?"

"Ghafla, mama."

"Ghafla tu. Hukunipa hata homa."

 Mzee Jasi alimweleza yaliyobaki: kwamba likizo imesimama, kwamba bila likizo hakuna mtu wa kushinda naye, na bila mtu hakuna upasuaji. Alisema kwamba lililokuwa likimnyima usingizi si barua wala kazi, ni jicho lile la kushoto.  Bibi aliguna, akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi, akasema kesho ampeleke, naye pia ana maneno. Kisha akaiwasha redio, kuonyesha kuwa kikao kimefungwa.

Ijumaa asubuhi wakapita getini, bibi kashika mkono wa mkwewe, mkoba mweusi wa kizamani kwapani. Ndani ya ofisi walimkuta Mia Kamili ameketi kwenye benchi, mikono kifuani. Aliitwa kwa sababu ya ile "haiwahusu" yake, na alikuwa anakusudia kuitetea. Alipomwona bibi alisimama kwa heshima, akaamkia, akamkazia macho.

"Samahani, mama, sura yako si ngeni kwangu," alisema. "Wewe si yule mdogo wake marehemu? Uliyetupokea siku ile ya msiba nyumbani kwa Jasi?"

"Ndiye mimi," bibi akajibu. Akapapasa kiti, akaketi taratibu. "Na marehemu pia ni mimi."

Afisa utumishi aliweka kalamu chini. Mzee Jasi aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mama mkwe wake usoni moja kwa moja.

Bibi alifungua mkoba, akatoa kadi. Ilikuwa ya rambirambi, yenye ua la zambarau, pembe zimelika. Akampa afisa, akasema asome, yeye macho hayapo. Ndani yake mlikuwa na sahihi kumi na tisa za wafanyakazi wa kiwanda cha chaki, na katikati, kwa herufi kubwa: *Tulikupenda lakini Mungu amekupenda zaidi.* Aliyeandika hayo alikuwa Mia Kamili, ambaye hajawahi kumpenda wala kumchukia kwa kuwa hakuwa amemwona.

"Binti yangu, mlango niliufungua mimi," bibi alianza. "Watu wawili, yeye huyu na mlinzi mmoja mrefu. Wakanipa pole ya kufiwa, wakataja aliyekufa, nikakuta ni mimi. Moyo ulinilipuka. Nikajiuliza, mkwe wangu nimemkosea nini mpaka aniue. Nikatazama uani. Kwenye kamba kulikuwa na nepi, zimefuliwa zikatakata, nami sikuwa nimegusa hata moja. Nikasema moyoni, mwanamume aliyeniua ili apate kufua nepi, acha aniue. Nikawaambia hawa mimi ni mdogo wake marehemu, nikalia nao, nikawapikia chai. Kwa hiyo uongo ule tuliusema wawili. Ukimkata yeye siku, na mimi nikate zangu, ila sina kazi."

 Mzee Jasi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Miaka kumi na minane alidhani anaubeba mzigo ule peke yake, kumbe mwenzake alikuwa ameshika upande wa pili, kimya, bila hata kuguna. Aliona aibu, na chini ya aibu alisikia kitu kama kupumzika.

Mia Kamili ndiye aliyetangulia kusema. Alitaka kujua machozi yake nani atamrudishia, maana alilia siku ile mpaka kichwa kikamwuma. Bibi akamjibu kwamba machozi ni akiba, ayaache hapo hapo yalipo, yatahitajika.

Afisa alifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kanuni na kanuni hazikuwa zimeota jambo kama hilo. Mwishowe alisema siku nne zilichukuliwa pasipo haki, kwa hiyo zitarudishwa: likizo ya ziada itakuwa siku thelathini na nane badala ya arobaini na mbili, na barua ya onyo itawekwa kwenye faili. Ila marehemu naye lazima aondolewe humo. Akatafuta fomu. Ya kifo ilikuwepo, ya kuzaliwa ilikuwepo, ya ndoa ilikuwepo. Ya kufufuka haikuwepo. Akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono: *Aliyetajwa kuwa marehemu amefika ofisini leo akiwa hai, ametambuliwa na shahidi, ameomba maji ya kunywa.* Meneja aliisaini bila kucheka, wanasema. Walipofunga mlango ndipo aliposikika.

Zilibaki siku nne za mwisho zisizo na mtu. Mia Kamili alisema atashinda naye yeye, si atakuwa likizo yake, na hivyo ndivyo atakavyoitumia, sasa waandike kwenye fomu yao kama bado wanataka kujua. Alimlilia akiwa hai, alisema, kumwangalia akiwa hai ni kazi ndogo.

Jicho la kwanza likapasuliwa. Siku ya kwanza ya matone Mzee Jasi alisimama mbele ya mama mkwe na kichupa mkononi, asijue aanzie wapi. Mtu aliyekuwa akipitia nyuma ili wasikutane kibarazani, sasa amfungue kope kwa vidole. Mkono uliogonga kalibu miaka ishirini na saba ulikwenda kando, tone likaangukia puani.

"Umenikosa," bibi alisema. "Na hii ni mara ya pili."

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Kila baada ya saa nne alibisha, akainua kope, akadondosha tone moja, palepale. Alimkataza kuinama, akagombana naye juu ya chumvi. Mchana alimsomea gazeti lote, na walipofika kwenye matangazo ya vifo bibi alikuwa akimwambia, "Angalia vizuri kama nimo." Wakati mwingine mkewe alisimamisha cherehani chumba cha pili ili awasikilize, watu wawili ambao kwa miaka ishirini na tisa waliongelea mvua tu, sasa wanabishana kama shikamoo ya mtoto wa jirani ilikuwa na adabu au haikuwa nayo.

Jicho la pili likafuata. Bibi alikataa kuangalia chochote kwa jicho moja. Huko, alisema, ni kuchungulia. Alikaa na miwani yake ya giza, amefumba macho, akingoja yakamilike yote mawili. Siku ya thelathini na nane, ya mwisho ya likizo ya Mzee Jasi, walikwenda kliniki asubuhi. Matone yaendelee siku nne tu, daktari alisema, ila kusoma anaruhusiwa kuanzia leo.

Waliporudi nyumbani aliketi sebuleni karibu na dirisha, akavua miwani. Alitazama ukuta, kalenda, na binti yake aliyesimama mlangoni na futi shingoni, akatabasamu. Kisha akamwita mkwewe asogee kwenye mwanga. Akamtazama kwa muda.

"Kumbe umezeeka," alisema. "Una mvi kichwa kizima."

"Ni chaki, mama."

"Chaki gani? Wiki ya sita hii hujagusa kiwanda."

Mkewe alilazimika kurudi kwenye cherehani ili acheke kwa nafasi. Mzee Jasi alipitisha kiganja kichwani, akakitazama. Hakikuwa na unga wowote.

Bibi alifungua mkoba mweusi, akatoa ile kadi, na safari hii akaisoma mwenyewe, kwa sauti, kama alivyokuwa akisoma magazeti. Alisoma zile herufi kubwa za Mia Kamili, akasoma sahihi zote kumi na tisa, polepole, akirudia mistari aliyoipenda. Alipofika mwisho aliigeuza, akatazama nyuma, akaigeuza tena.

"Jina lako silioni."

"Mimi ndiye nilikuwa mfiwa, mama. Mfiwa hasaini."

"Kumi na tisa hawa hakuna aliyenijua," alisema. "Anayenijua ndiye hakutia mkono. Lete kalamu."

Alileta ile ya wino wa bluu. Akainama kwenye meza ndogo, akaandika jina lake, lile la wazazi wake, kwa mwandiko mzuri wa tangu shule. Kwa mazoea ya fomu za kazini akaanza kuandika na tarehe. Kidole cha mama mkwe kikatua juu ya karatasi, mbele ya ncha ya kalamu, palepale, bila kupapasa.

"Tarehe iache," alisema. "Hiyo utaijaza siku yenyewe. Na siku hiyo uwaombe zile siku nne zako, mwanangu. Zitakuwa halali."

Mzee Jasi aliweka kalamu chini. Machozi yalimtoka hadharani, mbele ya mama mkwe wake, naye hakusingizia chaki.